Joto lenye unyevu: kwa nini jasho linakulowesha bila kukupoza

Swali: Mtaalamu, salaam. Nimehamia kikazi katika nchi ya joto, sehemu ya pwani, na huu ndio msimu wangu wa kwanza wa joto kali hapa. Kipimajoto hakivuki nyuzi 33 au 34, ilhali wenzangu waliopangiwa jangwani wanafanya kazi kwenye nyuzi 40 na hawalalamiki kama mimi. Nakunywa lita saba hadi nane za maji kwa siku, feni haizimwi, naoga maji ya barafu asubuhi, mchana na jioni, na bado nashinda nimechoka, kichwa kinaniuma, harara zimenijaa mgongoni na usiku sipati usingizi. Nusu ya siku kazi yangu ni ya nje. Mama yangu mwenye umri wa miaka 72 anakuja kukaa nami mwezi ujao, naye anatumia dawa za shinikizo la damu. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu msomaji, kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu hao wenzako. Hawakuzidi uvumilivu hata kidogo. Hewa yao ina joto kubwa lakini ni kavu, na yako ina joto dogo kidogo lakini imeshiba mvuke. Kwa mwili wa binadamu, hiyo yako ndiyo nzito zaidi. Nitaieleza sababu yake kwa kirefu, kwa kuwa takriban kila ushauri utakaofuata unatokana nayo, na pia kwa kuwa baadhi ya mambo unayoyafanya sasa kwa nia njema hayakusaidii.

Mwili uliotulia huzalisha joto la kiasi cha wati 100. Ukitembea kwa haraka au ukibeba vitu, kiasi hicho hufika wati 300 na kuendelea, na joto hilo sharti litoke nje ili viungo vya ndani vibaki karibu na nyuzi 37 za sentigredi. Hewa inapokuwa baridi kuliko ngozi, ambayo wakati wa joto huwa na nyuzi 35 hivi, sehemu kubwa ya joto hutoka yenyewe. Kadiri hewa inavyoikaribia ngozi kwa joto, njia hiyo huzidi kuziba, mpaka anabaki mtetezi mmoja tu, jasho. Nalo jasho halipozi kwa kule kutoka. Hupoza kwa kukauka, kwa sababu kila gramu inayogeuka mvuke huondoka na joto la kiasi cha kilojuli 2.4. Ukipiga hesabu utaona kwamba mtu aliyeketi anahitaji gramu 150 tu za jasho zikauke kwenye ngozi yake kwa saa nzima ili aondoe joto lote alilolizalisha. Ni kidogo mno, chini ya kikombe kimoja. Lakini jasho linalotiririka na kudondoka halihesabiwi: umepoteza maji, umepoteza chumvi, na joto limebaki palepale.

Mvuke ulio hewani ndio unaoamua kama jasho litakauka au litadondoka, sawa na nguo zilizoanikwa siku ya mawingu mazito ambazo hukaa kambani kutwa nzima bila kukauka. Wataalamu wa hali ya hewa hulipima jambo hili kwa kipimajoto ambacho ncha yake imevikwa kitambaa kibichi na kupitishiwa upepo. Nyuzi kinazosoma ndizo kiwango cha chini kabisa ambacho kukausha maji kunaweza kushusha joto katika hewa hiyo. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 20 hutoa joto la kitambaa kibichi la nyuzi 23 hivi, wakati hewa ya nyuzi 33 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo nadhani ndiyo unayoivuta wewe, hutoa nyuzi 29. Hapo ndipo tofauti yenu ilipo. Mwaka 2010 watafiti walikokotoa kwamba joto la kitambaa kibichi likifika nyuzi 35, hata mtu mwenye afya njema, aliyekaa kivulini na mwenye maji ya kutosha, hawezi tena kujipoza. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliyofanywa kwa vijana wenye afya wakifanya shughuli nyepesi, yalionyesha kwamba katika hewa yenye unyevu mwili huanza kushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31. Kwa hiyo ile 33 inayoonekana ya kawaida kwenye kipimajoto chako inakuachia nafasi ndogo sana.

Kuhusu vipimo, nakushauri uache kuangalia asilimia ya unyevu peke yake. Asilimia hiyo hupanda alfajiri na kushuka mchana hata kama kiasi cha mvuke hewani hakijabadilika, kwa sababu hewa ya moto ina uwezo wa kubeba mvuke mwingi zaidi. Katika taarifa za hali ya hewa tafuta halijoto ya umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipozwa mpaka hapo mvuke wake huanza kugeuka matone. Ikiwa chini ya 16 utastarehe. Ikipita 20 utaanza kunata. Ikipita 24, panga siku yako kana kwamba mwili umepunguziwa uwezo, maana kwa hakika umepunguziwa.

Sasa tuje kwenye maji, ambayo yananitia shaka kuliko mengine yote uliyoyataja. Lita saba au nane si lazima ziwe nyingi kwa mtu anayefanya kazi nje, kwani katika kazi ngumu jasho laweza kufika lita moja kwa saa na hata kupita. Tatizo huja pale maji hayo yanaponywewa kwa mkupuo, au siku ambayo hukutoka nje kabisa, au bila chumvi ya kufidia ile iliyotoka na jasho. Figo zina kikomo cha maji zinayoweza kuyatoa kwa saa, na ziada huizimua damu ikawa nyepesi. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu na vidole kuvimba, ambazo mtu huzidhania kuwa kiu, naye akaongeza maji. Sisemi kwamba ndivyo ulivyo, ila maumivu ya kichwa yasiyokoma kwa mtu anayekunywa hivyo yanatosha kumpeleka kwa daktari akapimwe kiwango cha chumvi katika damu.

Njia rahisi ya kujua haki yako ya maji ni mizani. Jipime kabla ya kutoka kwenda kazini na baada ya kurudi, ukiwa na nguo chache na umejikausha. Kila kilo iliyopungua ni lita moja ya maji ambayo hukuirudisha. Na ukikuta umeongezeka uzito, umekunywa kupita kiasi. Ukiwa juani, kunywa kiasi cha mililita 250 kila baada ya dakika 15 hadi 20, wala usivuke lita moja na nusu katika saa moja hata kama una kiu kali. Chumvi ya chakula cha kawaida inatosha watu wengi, lakini siku unayotoka jasho kwa saa nyingi mfululizo, tumia mchanganyiko ule unaotumika kwa wagonjwa wa kuhara: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Vidonge vya chumvi viache. Mkojo wa manjano hafifu ni ishara nzuri; mkojo mweupe kama maji kutwa nzima si jambo la kujivunia.

Feni ni kifaa bora mahali penye unyevu, ilimradi uielewe. Haipozi hewa, inaondoa ule utando wa hewa iliyoshiba mvuke unaoganda juu ya ngozi, ili jasho lipate pa kwenda. Kwa sababu hiyo feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu haifanyi kazi yoyote, na inayopuliza ukutani haikufai wakati umelala upande wa pili. Ielekeze mwilini. Joto la chumba likipanda sana, upepo wake huanza kukuletea joto badala ya kukuondolea. Shirika la Afya Duniani linatahadharisha kwamba hewa ikifika nyuzi 40 feni humpasha mtu moto, na kwa wazee ambao jasho lao ni haba hali hiyo huanza mapema kuliko hapo. Dawa yake ni kulowesha ngozi kwa maji kabla ya kukaa mbele ya feni, ili usitegemee jasho peke yake.

Hilo linanifikisha kwenye maji ya barafu. Kwa mtu aliyezidiwa na joto kiasi cha kuchanganyikiwa, maji ya barafu ni tiba, nami nitayarudia hapa chini. Kwa mtu anayetaka tu kustarehe, baridi ya ghafla huibana mishipa midogo ya ngozi, joto likabaki limefungiwa ndani, na dakika chache baada ya kutoka bafuni jasho huanza upya. Oga maji ya kawaida au ya uvuguvugu, kaa chini ya maji muda mrefu kidogo, kisha usijifute hadi ukakauka. Jifute kijuujuu na ukae mbele ya feni huku ngozi ingali na unyevu. Ukiwa kazini ambako hakuna pa kuoga, zamisha mikono hadi viwiko katika ndoo ya maji baridi kwa dakika 10 hadi 15 wakati wa mapumziko. Wazima moto na mabaharia wamelijaribu jambo hili kwa utaratibu na likaonekana kushusha joto la mwili, kwa sababu viganja na mikono ina mishipa mingi ya damu iliyo karibu na ngozi.

Ukiwa na uwezo wa kuweka kiyoyozi katika chumba kimoja tu, kiweke cha kulala. Faida yake kubwa kwako ni kukamua maji hewani, yale unayoyaona yakidondoka kwenye mpira wa nje, na ndiyo maana huna haja ya kukishusha mpaka nyuzi 18. Kiweke 26 au 27, washa na feni, na utahisi baridi ya kutosha kwa umeme mdogo zaidi. Usishawishiwe kununua kiyoyozi kikubwa kuliko chumba: hupoza haraka, kikajizima kabla hakijakausha hewa, ukabaki na chumba cha baridi kilichojaa majimaji na ukutani ukungu. Na vile vipoza hewa vinavyotiwa maji, ambavyo jangwani ni neema, kwako vitaongeza mvuke ule ule unaokutesa. Wauzaji hawalisemi hilo.

Ndani ya nyumba, angalia vyanzo vya mvuke. Nguo zinazoanikwa sebuleni, sufuria inayochemka bila kifuniko na mlango wa bafu unaoachwa wazi humimina mvuke katika hewa ambayo tayari imeshiba. Jua nalo lizuiwe kabla halijafika kwenye kioo, kwa kivuli cha nje cha turubai, mkeka au mti, kwani pazia la ndani hupokea joto ambalo limeshaingia. Kama paa ni la bati na hakuna dari, hapo ndipo penye adui yako mkubwa mchana. Rangi nyeupe maalumu ya paa hurudisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua, na dari hata ya bei nafuu huzuia bati la moto lisikuangalie moja kwa moja. Kuhusu madirisha, kanuni ya kufunga mchana na kufungua usiku ni njema kwa nchi kavu. Pwani, hewa ya usiku yaweza kuwa na mvuke sawa na wa mchana, kwa hiyo fungua pale tu panapokuwa na upepo unaopita kutoka dirisha moja hadi jingine, na funga kabisa kiyoyozi kinapofanya kazi.

Usingizi wako haukatizwi na kero ya jasho peke yake. Ili mtu asinzie, joto la ndani ya mwili linapaswa kushuka kidogo, na katika chumba chenye unyevu halishuki kwa wakati wake. Godoro nene la sponji huzidisha tatizo kwa kurudisha joto mgongoni. Weka juu yake mkeka au tandiko jembamba la pamba linalopitisha hewa, oga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala, na elekeza feni miguuni na kiwiliwili. Usilichukulie jambo la usiku kuwa la starehe tu. Katika wimbi la joto lililoikumba Ulaya mwaka 2003 na kuua watu zaidi ya 70,000, usiku ambao haukupoa ulikuwa sehemu ya balaa hilo, kwa sababu moyo uliofanya kazi ya ziada mchana haukupata muda wa kupumzika.

Kuhusu kazi ya nje, habari njema ni kwamba mwili hujifunza. Katika siku 7 hadi 14 za kukaa kwenye joto huku ukijishughulisha kila siku, majimaji ya damu huongezeka, mapigo ya moyo hupungua kwa kazi ile ile, jasho huanza mapema, na chumvi inayopotea ndani yake hupungua. Lakini kujifunza huko kunahitaji ngazi. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inashauri mfanyakazi mpya afanye asilimia 20 tu ya muda wa kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongeze asilimia 20 kila siku. Vifo vingi vya joto kazini hutokea katika siku za mwanzo, na mara nyingi huwapata watu wenye bidii wanaotaka kuonekana hawashindwi. Kumbuka pia kwamba ukienda likizo mahali pa baridi kwa zaidi ya wiki moja, uzoefu huo huanza kupotea, na unaporudi sharti uanze kwa tahadhari tena.

Mwombe mwajiri wako kazi nzito ziwekwe alfajiri, na mapumziko yapangwe kwa kipimo na si kwa mazoea. Kipimo kinachofaa kilibuniwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kambi za mafunzo za jeshi la Marekani: huchukua asilimia 70 ya joto la kitambaa kibichi, asilimia 20 ya joto la tufe jeusi lililowekwa juani, na asilimia 10 tu ya joto la kawaida la hewa. Utaona jinsi kipimajoto cha ukutani kilivyopewa nafasi ndogo. Na pale ambapo hakuna kifaa wala kivuli, punguza mwendo. Joto unalolizalisha mwenyewe ndilo pekee lililo chini ya amri yako kabisa.

Mavazi hayahitaji maneno mengi: mapana, mepesi, ya kitambaa kinachopitisha hewa, na uwe na shati la kubadilisha mchana. Harara zako zimetokana na vinyweleo vilivyoziba kwa kuloa muda mrefu, nazo si urembo tu ulioharibika, maana ngozi yenye harara hutoa jasho hafifu hata wiki kadhaa baada ya vipele kupotea, na hivyo inakupunguzia uwezo wa kujipoza. Ipe ngozi ya mgongo saa kadhaa za ukavu kila siku katika chumba chenye kiyoyozi, acha mafuta mazito ya kujipaka, na tumia losheni ya kalamini kutuliza mwasho. Zikitunga usaha, muone daktari.

Kuna hali ambayo haisubiri. Mtu anayetoka jasho jingi, aliyepauka, mwenye kizunguzungu na kichefuchefu lakini anayejibu vizuri, apelekwe kivulini, alazwe miguu ikiwa juu kidogo, apozwe na apewe maji taratibu. Akianza kuongea ovyo, kuyumba, kupigana na wanaomsaidia, kutetemeka au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, na usingoje ngozi yake ikauke ndipo uamini, kwa sababu aliyekuwa akifanya kazi huwa bado amelowa jasho. Ita msaada wa dharura, na huku mkisubiri mpozeni hapo hapo kwa kila njia: mzamisheni kwenye maji ya barafu hadi shingoni huku mmoja akimshika kichwa, au kama hakuna chombo, mmwagieni maji mfululizo na kumpepea. Dakika 30 za mwanzo ndizo zinazoamua. Asipewe kinywaji akiwa hana fahamu kamili, wala dawa za kushusha homa, ambazo hazina kazi katika joto la aina hii na huweza kuumiza ini.

Mama yako ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko wewe. Kwa umri wake kiu huchelewa kuja na jasho ni kidogo, huku moyo ukilazimika kusukuma damu nyingi kwenda kwenye ngozi. Chumba chenye kiyoyozi kiwe chake kabla ya kuwa chako, na kwa wiki mbili za kwanza asitoke mchana. Muwekee maji karibu na umkaribishe kunywa kwa saa, bila kungoja aombe; ule mchanganyiko wa chumvi na sukari usimpe bila ruhusa ya daktari. Zipo dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo, na nyingine zinazozuia moyo kwenda kasi, na zote mbili huweza kumpunguzia uwezo wa kuhimili joto. Vilevile baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazouzwa bila cheti hupunguza jasho. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake wala wako. Kabla hajasafiri, aende kwa daktari wake na orodha kamili ya dawa anazotumia, amweleze kwamba anahamia mahali penye joto na unyevu, na aulize mambo matatu: kama dozi inahitaji kubadilishwa, kiasi gani cha maji anaruhusiwa kwa siku, na shinikizo likishuka hadi wapi apige simu. Akifika, mpime shinikizo akiwa ameketi na mara baada ya kusimama, kila asubuhi kwa wiki hizo mbili, uandike.